Korongo wa Mguu wa Kijiko

Nyumba ya Wazee, Dolna Reka
14 Februari 2009

Kwa mwanangu Zlatina, huko Valencia kwenye machungwa,

Kwanza salamu, pili habari, tatu majigambo, maana unanijua. Mimi mzima. Kiuno kimeunga, na daktari anasema hajawahi kuona mfupa wa mzee ukiunga namna hii. Nikamwambia, "Daktari, huu si mfupa wa mzee, huu ni mfupa wa dereva. Umekalia lori kutoka Hamburg mpaka Baghdad na kurudi. Utashindwa na ngazi yenye barafu?" Akacheka. Hapa kila mtu hucheka nikifungua mdomo, isipokuwa Haralan, mwenzangu wa chumba, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya treni. Yeye huangalia saa.

Leo ni siku ya Mtakatifu Trifon, mlinzi wa mizabibu, nami sikukubali ipite hivi hivi. Mlangoni kwetu kuna mzabibu umejikalia kama mjane, hakuna aliyeugusa sijui tangu lini. Nikaazima mkasi kwa Stoyna mpishi, mkasi wa kukatia kuku, lakini mkasi ni mkasi. Nikaupogoa, nikaumwagia divai shinani kama inavyotakiwa, iliyobaki nikaimwaga kooni kwangu. Bi Daskalova, mkuu wa nyumba, akatoka mbio: "Bwana Gencho! Divai hairuhusiwi hapa!" Nikamjibu, "Mama, mimi sinywi, namsaidia mtakatifu."

Basi chini ya mzabibu huo, mwanangu, nimeona ua. Jeupe, dogo, limeinamisha kichwa kama limetukanwa, lakini limetoboa theluji. Nimeliona mimi kabla ya wote. Nikawaita wazee wakatoka na blanketi zao, wakasimama wanalitazama kama sinema.

Sasa tuseme la maana. Oktoba uliponileta hapa ulisimama mlangoni na koti lako jekundu, ukasema mbele ya Haralan, ambaye ni shahidi na hasahau ratiba: "Baba, ni kwa ajili ya baridi tu. Korongo akirudi kwenye dohani yetu, nitakuja kukurudisha nyumbani." Neno hilo ndilo blanketi langu. Omba likizo mapema, hao Wahispania wasije wakajifanya hawakusikia.

Unamkumbuka lakini, yule wetu? Mama yako alimwokota uani akiwa kinda, ameanguka kutoka juu, mguu umevunjika. Akaufunga na kijiko cha mbao cha kukorogea supu. Mguu ukaunga, ila umepinda kama kijiko chenyewe, na kijiko kikarudi kwenye msumari wake kando ya jiko. Mpaka leo kiko pale. Nikifika, kitu cha kwanza nitapika supu ya maharagwe na kijiko hicho, hata koti sivui. Naye yule ndege kila mwaka anakwenda Afrika kula nzige, anavuka bahari, anavuka jangwa, na Machi anarudi pale pale juu ya jiko la mama yako, anagonga mdomo ta-ta-ta-ta kama bunduki. Mimi niliyeijua njia ya Baghdad gizani nilihitaji ramani. Yeye hana ramani. Korongo hahami, Zlatina. Kiota chake kikiwepo, hata umpe ikulu hatoki.

Usinipigie simu. Masikio niliyaacha kwenye injini, kwenye simu nasikia mvumo tu. Andika.

Baba yako, dereva ambaye hakuwahi kupinduka,
Gencho

*

Valencia
24 Februari 2009

Baba mpendwa,

Barua yako imetuchekesha. Nimeisoma kwa sauti, Danko akataka kujua Baghdad iko wapi. Sasa mjukuu wako ana miaka saba na mmefanana paji la uso.

Nakusihi usiharakishe. Ua moja si kitu. Unamjua Bibi Marta, huyo Machi mwenyewe, alivyo, mwezi mzima ni wake na hasira ni zake, asubuhi anacheka, jioni anawatupia theluji. Hapo una supu ya moto, una daktari, una watu wa kukucheka. Kule Yasenka nani atakupasulia kuni? Kiuno hakijapona, ila mdomo ndio umepona.

Mimi kazini kama kawaida. Mzee ninayemuogesha alikuwa nahodha wa meli. Ananiita kwa jina la binti yake. Binti mwenyewe anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa, haji. Zamani nilikuwa nikimsahihisha, siku hizi naitika tu.

Ndani ya bahasha utakuta uzi wako wa Machi. Danko ameusuka mwenyewe, mwekundu na mweupe, kwa hiyo usishangae mafundo. Uvae mkononi tarehe mosi asubuhi, kama tulivyozoea.

Mambo ya nyumba tutazungumza tukionana.

Wako,
Zlatina

*

Nyumba ya Wazee, Dolna Reka
3 Machi 2009

Kwa jirani yangu Minka, mwenye ulimi wa kuchongea magogo,

Nisikilize, mwanamke. Miaka yote tumetazamana ng'ambo ya barabara, umejua kila shati langu kwenye kamba, na majira haya yote ya baridi hujanitumia hata neno. Umepata mchumba? Kama umempata, mwambie nina wivu na nina fimbo mpya.

Nakuomba mambo madogo. Ufunguo uko chini ya mtungi wa maua uliovunjika, pale pale. Nenda ukafungue madirisha nyumba ivute hewa. Halafu tazama dohani, uone kama theluji imekiinamisha kiota, maana kile si kiota tena, ni kitanda cha watu wawili. Korongo akitua, niandikie siku hiyo hiyo. Zlatina anakuja kunichukua akishatua. Tumekubaliana hivyo.

Uzi wangu wa Machi ninao mkononi, wa mjukuu, una mafundo kama kamba ya punda. Nitautoa nikimwona korongo wa kwanza, na nataka nimwone akiruka. Unajua wewe: ukimwona wa kwanza akiwa angani, mwaka huo una safari. Ukimwona amesimama, utakaa ulipo. Mimi mwaka huu nina safari, kwa hiyo mtu yeyote akipiga kelele "korongo!", nafumba macho kwanza, nauliza, "Anaruka au amesimama?" Haralan anasema nimerukwa na akili. Mtu wa treni ataelewa nini kuhusu kuruka?

Jirani yako mpole,
Gencho

*

Yasenka
10 Machi 2009

Gencho,

Barua yako nimeipata. Mchumba sina, nina goti.

Kwenye dohani yako sijaona korongo. Hilo naapa mbele ya picha ya Bikira Maria. Theluji haijainamisha kiota. Madirisha yako hayana haja ya kufunguliwa, hewa inapita.

Kaa huko upone. Huku hakuna cha kukimbilia.

Minka

*

Nyumba ya Wazee, Dolna Reka
17 Machi 2009

Zlatina mwanangu,

Minka ameniandikia kwa ufupi kama telegramu ya msiba. Nadhani ana mafua. Lakini anaapa kiota kiko sawa na hewa inapita, kwa hiyo moyo wangu umetulia.

Na huku, usiniambie tena habari za Bibi Marta! Kichaka kile cha maua ya manjano nyuma ya jiko kimewaka chote kama taa. Theluji imebaki chini ya ukuta wa kaskazini tu, chafu, hakuna anayeihurumia. Jana Stoyna alituma wanawake wakachume yale majani yanayowasha, tukala supu ya kijani na wali, wazee wakawa wanajilamba kama ndama. Kwenye benchi la jua kuna vita. Zamani walikuwa wanalala mpaka saa sita, sasa wanaamka alfajiri kuwahi nafasi. Mama mmoja wa ghorofa ya pili ameacha soksi yake usiku kucha kuwekea mahali. Ndiyo majira yenyewe hayo.

Lakini sikiliza lililonipata juzi. Stoyna anarudi sokoni, anapiga kelele: "Wazee, korongo mbugani! Yupo kando ya mto!" Nikafumba macho pale pale nikiwa na kijiko mdomoni. "Anaruka au amesimama?" "Amesimama, anakula vyura." Ala! Na dirisha letu linatazama mbuga. Nikamwambia Haralan, "Nifunge skafu machoni, unipeleke uani kwa nyuma, nisimwone mpaka aondoke."

"We mzee una wazimu."

"Nina safari. Nifunge."

Akanifunga. Mkuu mzima wa stesheni, ananiongoza kwa mkono mbele ya watu wote. "Ngazi. Ngazi. Kushoto. Simama, treni inapita."

"Treni gani hapa?"

"Toroli la nguo chafu."

Benchi zima linacheka. Mmoja akasema, "Gencho, huyo korongo akikuona hivyo ndiye atakayefunga macho." Mwingine, yule wa soksi, akasema kwa sauti ndogo, "Muacheni. Yeye kuna anayemjia." Nilikuwa nimefungwa macho lakini niliwasikia, na mimi huwa sisikii.

Kwa hiyo bado sijamwona korongo hata mmoja, uzi ninao. Sanduku nimefunga. Suti ile ya harusi yako nimeitoa kabatini na kuipiga pasi, nataka nishuke Yasenka kama balozi. Haralan tayari ametandaza viatu vyake upande wangu wa kabati. Nimemwambia asubiri angalau niondoke. Anasema treni ikishapigiwa kengele, kiti ni cha anayebaki.

Sema siku tu, mwanangu. Siku tu.

Baba yako mwenye suti,
Gencho

*

Yasenka
22 Machi 2009

Zlatina,

Mimi ni Minka. Nilikuchukua mgongoni ulipokuwa mdogo, kwa hiyo nitasema bila kupaka mafuta.

Amerudi. Alhamisi, mchana. Nilikuwa naanika nguo. Alikuja kutoka upande wa mto kama kawaida yake, miguu nyuma, mmoja umepinda, akashuka moja kwa moja kutua mahali ambapo hapana kitu. Akapiga mabawa, akapanda tena. Akazunguka. Amezunguka juu ya lile rundo la matofali siku mbili, Zlatina. Usiku analala kwenye nguzo ya umeme. Asubuhi anazunguka tena. Wale wanunuzi wako walikuja na tingatinga Novemba, walimaliza kuibomoa kabla ya chakula cha mchana, na wala hawajajenga chochote. Wametaka uwanja, sasa wanao. Jana jioni aliondoka kuelekea kilimani.

Ulisema nimwandikie baba yako maneno ya kumtuliza, nikaandika. Nimeapa mbele ya Bikira kwa maneno ya kweli yaliyopinda, na toka siku hiyo siwezi kuitazama ile picha. Nyumba ni yako, alikupa yeye. Uza, choma, si neno langu. Lakini mimi sitamwandikia tena. Mwambie wewe, kwa mkono wako, kabla hajaambiwa na mwingine.

Minka

*

Valencia
28 Machi 2009

Baba yangu,

Samahani kwa kuchelewa. Nimeanza barua hii mara nyingi. Nahodha alikuwa mgonjwa, halafu Danko akawa mgonjwa, halafu mimi.

Baba, usimsubiri korongo kiasi hicho. Mwaka huu wamechelewa, wanasema hata huku, wengine hawajavuka bahari. Huenda wengine wasirudi kabisa, dunia imebadilika. Na hata akirudi, mimi bado sijapewa likizo. Labda Pasaka. Nitajitahidi Pasaka, na Danko nitamleta, tutakaa na wewe hapo, tutagonganisha mayai mekundu na hao marafiki zako.

Kuna jambo nataka kukwambia ana kwa ana. Si baya kama litakavyosikika. Tulihamia nyumba ya kwetu huku mwaka jana, unajua, ina chumba kimoja kwa Danko. Mambo yote niliyofanya nimeyafanya kwa ajili yake.

Kula vizuri. Usitoke bila kofia.

Nakupenda,
Zlatina

*

Nyumba ya Wazee, Dolna Reka
7 Aprili 2009

Zlatina,

Barua yako imefika leo. Unasema makorongo wamechelewa. Nimeisoma nikiwa nimekaa chini ya korongo.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana mimi nikianza habari humaliza. Wiki mbili zilizopita, asubuhi, jiko la Stoyna likagoma kuvuta. Moshi wote ukarudi ndani, akatoka anakohoa na kulaani, watu wakadhani nyumba inaungua. Tukakimbilia uani, wanaoweza kukimbia. Mimi na fimbo yangu, sina skafu, sina akili ya skafu. Nikainua kichwa nione moshi unatoka wapi.

Alikuwa amesimama juu ya dohani ya jiko. Amekwishaweka matawi, anapanga moja moja. Mguu mmoja umenyooka. Mwingine ni kijiko.

Haralan akasema, "Huyo si wa kwako?"

Nikasema, "Wangu anakaa Yasenka."

"Basi hapa anafanya nini?"

Mwanangu, unanijua. Nimebishana na askari wa forodha wa nchi saba, nimewauzia Waturuki vichekesho kwa lugha yao wenyewe. Safari hii nikabaki kuhesabu matawi. Watu wote wa benchi wananitazama, wanangoja nitanie. Haralan akaangalia saa yake, halafu akaitia mfukoni. Sijawahi kumwona akiitia mfukoni.

Ndipo barua ya Minka nikaielewa. Hewa inapita. Maskini, hakusema uongo hata neno moja. Nawe hukusema uongo Oktoba. Korongo akirudi kwenye dohani yetu, ulisema. Ukijua kwamba atakaporudi haitakuwepo.

Bi Daskalova akamwita fundi aje na mti mrefu ayaangushe matawi, kwa sababu wazee hawawezi kukaa bila chakula cha moto. Alikuwa sahihi, ni mama mzuri. Lakini nikaenda nikakaa kwenye ngazi ya fundi, kwenye kidato cha pili, nikamwambia, "Huyu mwaka huu amebomolewa mara moja. Inatosha." Akasema, "Bwana Gencho, shuka." Yule mama wa soksi akaja akakaa kidato cha kwanza, chini ya miguu yangu. Haralan akasimama mbele yetu na kofia yake ya stesheni, sikujua kama bado anayo. Tukala mkate na jibini baridi mpaka fundi alipopata gurudumu la mkokoteni na kulipandisha juu ya nguzo karibu na mzabibu wangu. Matawi tukayahamishia huko. Korongo alikaa kando siku nzima, anatazama. Jioni akaingia. Nilisema hahami kiota chake kikiwepo. Lakini kisipokuwepo hukubali hata gurudumu, kumbe.

Sasa anagonga mdomo asubuhi, ta-ta-ta-ta, na wazee wanalalamika hawalali, na wote wanatoka kumwona.

Nyumba nilikupa mwenyewe, siku ya harusi yako, kijiji kizima kimelewa kwa divai yangu, na nilijisifu mwaka mzima kwamba hakuna baba aliyetoa kama mimi. Siidai tena. Mtoto anahitaji chumba, naelewa, mimi si gogo. Ungeniandikia ningelia, ningekutukana wewe na Hispania yote na machungwa yake, halafu ningekuomba kitu kimoja: mtu aingie jikoni kabla ya kubomolewa akatoe kijiko cha mama yako msumarini. Ilikuwa kazi ya kuinua mkono tu.

Uzi wa Danko nimeutoa. Zamani ningeufunga, kama desturi, kwenye mplamu wetu uani. Sikuulizi kama mplamu upo. Nimeufunga kwenye mzabibu, mwambie mafundo yake yameshika vizuri, hata upepo hauwezi kuyafungua.

Suti nimeirudisha kabatini. Haralan ameondoa viatu vyake upande wangu, akavipanga chini ya kitanda chake.

Pasaka njoo na mtoto, nimwone hilo paji la uso. Usibebe maelezo. Mlango hufunguliwa mchana, nami utanikuta. Korongo wa kwanza nilimwona amesimama.

Baba